Mwili juu ya altare, chokaa ukutani

Katika kanisa kuu la Antwerp, Ubelgiji, ipo picha ya mchoraji Rubens inayoonyesha Kristo akishushwa msalabani. Aliichora kati ya 1612 na 1614 kwa ajili ya altare ya chama cha wapiga bunduki wa mji. Mwili uliopauka unateleza juu ya shuka jeupe, na karibu kila aliyepo ananyoosha mkono kuupokea. Sasa ifikirie misa yenyewe: padre anainua hostia, yaani mkate wa misa, na juu yake mwili uleule unashuka. Wafuasi wa Kalvini, yaani Waprotestanti wa Kikalvini, walikana kwamba mkate hugeuka mwili wa Kristo. Hili hapa jibu la Wakatoliki, lenye kimo cha zaidi ya mita 4.

Kwa nini altare mpya zilihitajika? Agosti 1566 Wakalvini waliingia kanisani humo wakavunja sanamu na kuharibu picha. Mwaka 1585 jeshi la Hispania likautwaa mji, na Waprotestanti wakapewa miaka 4: waongoke au wahame. Wengi walikwenda kaskazini. Katika wimbi hilo ilikuwemo familia ya mtoto Frans Hals, baadaye mchoraji mashuhuri wa Haarlem. Babake Rubens naye alikuwa amekimbia Antwerp mwaka 1568 kwa kushukiwa Ukalvini, ndiyo maana mchoraji huyu mkuu wa Wakatoliki alizaliwa ukimbizini Ujerumani.

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ulikuwa umeamua mwaka 1563 kwamba picha zibaki, zifundishe na kuamsha ibada. Huko Uholanzi, Wakalvini walipaka kuta za makanisa chokaa. Wachoraji wakampoteza mteja wao mkubwa, wakageukia sebule za wafanyabiashara: mandhari, meza za vyakula, sura za watu. Biblia haikutoweka, Rembrandt aliendelea kuichora, ila picha nyingi zilitundikwa majumbani. Mchoraji Saenredam yeye alichora hayo makanisa matupu, na kwangu mimi chokaa yake inasema mengi kuliko dhahabu ya Roma.

Tusiwachanganye Waprotestanti wote, lakini. Walutheri hawakuwa na ugomvi huo na picha: kanisa lao la Frauenkirche mjini Dresden, lililokamilika 1743, ni la mtindo wa Baroko, wenye mapambo mengi, mwanzo hadi mwisho.

Wakatoliki wa Amsterdam, waliokatazwa kusali hadharani, walisali majumbani. Nyumba moja iliyogeuzwa kuwa kanisa mwaka 1663 ingali pale: ukiwa barabarani unaona nyumba ya mfanyabiashara, kumbe darini mna altare kamili. Picha yake ya Ubatizo wa Kristo, ya 1716, ni ya Jacob de Wit, mzaliwa wa Amsterdam aliyesomea Antwerp. Akiwa mwanafunzi alinakili michoro ya Rubens na wasaidizi wake iliyopamba dari za kanisa la Wajesuiti, shirika la kitawa la Kikatoliki, mjini humo. Mwaka 1718 moto uliteketeza dari hizo, na leo nakala zake ni miongoni mwa njia chache za kujua zilivyokuwa.