Gunia Unalitua, Hili Hulitui

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye harusi Mwanga, hapa hapa Kigoma, nyuma ya ukumbi, nimekalia ndoo iliyogeuzwa, helmeti iko chini, mdogo wangu ananimwagia maji kisogoni kwa kopo. Akapita kijana mmoja, kifua kama mlango wa ghala. Akaliangalia vazi langu la askari wa anga za juu, lile ninalokodiwa kulivaa kwenye sherehe, kuanzia buti hadi mabegani, akanicheka waziwazi.

"Kaka, hili ndilo linakuhenyesha hivi? Mimi nashusha magunia bandarini Kibirizi. Kilo mia mgongoni, natembea juu ya ubao unaonesa. Nipe mimi hiyo kazi."

Sina ugomvi naye. Ila hiyo kauli ya "nipe mimi, nina nguvu" nimeshaisikia kwa afande, kwa mwalimu wa michezo, kwa shemeji yangu, na kwa MC aliyenitambulisha ukumbini kama Samsoni wa Kigoma. Sasa naandika mara moja, ili akija mwingine nimtumie linki nikanywe maji yangu.

Habari ya uzito tuimalize haraka. Vazi langu la askari wa anga nililipeleka kwenye mizani ya dagaa pale pale Kibirizi, nikalipima kipande kwa kipande huku wamama wakiuliza bei ya kilo. Jumla kilo 19. Kwa macho ni deraya ya chuma kitupu, lakini chuma kilichomo ni cha bizimu za mikanda tu. Kifua na mgongo ni fibaglasi. Mapaja, mikono na mabega ni sponji ngumu, jamii moja na ndala zako, imegandishwa kwa gundi ya fundi viatu na kupigwa rangi ya gari. Mimi ni fundi mabango, kwa hiyo rangi ndiyo ninayoiweza kuliko vyote, na ndiyo inayowadanganya. Kilo 19 hazifiki hata ndoo ya lita 20. Mama yeyote wa Bangwe anaibeba hiyo kichwani, ana mtoto mgongoni, anapandisha kilima, na hakuna MC anayemwita Samsoni.

Kinachouma ni mahali kilo zilipokaa. Kilo moja mguuni inakugharimu kama kilo tano mgongoni, kwa sababu kila hatua unainyanyua, unairusha mbele, unaisimamisha, halafu unaanza upya. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, waliwavalisha watu deraya za chuma za mtindo wa karne ya 15 wakawatembeza kwenye mashine ya mazoezi. Walitumia nguvu zaidi ya mara mbili ya mtu asiyevaa deraya, na zaidi ya mtu aliyebeba uzito ule ule kwenye begi la mgongoni. Tena kifua cha chuma kiliwabana wakawa wanapumua vifupivifupi. Niliposoma hayo nikarudi kwenye buti zangu nikakwangua soli mpaka zikapungua gramu 700 kila moja. Kifua nacho nimekifunga kwenye mkanda wa kiunoni, uzito ukae kwenye nyonga, mabega yabaki kushika tu. Uzito umeisha hapo. Fundi mwenye subira anaumaliza.

Joto halimalizwi na fundi.

Mtu anayetembea polepole, anapunga mkono, anapiga picha na maharusi, mwili wake unatoa joto kama wati 300. Chukua balbu tano za zamani za wati 60, ziwashe, zifungie ndani ya lile boksi la sponji la kubebea samaki wa barafu. Hilo boksi ndilo mimi. Sponji iliyotengenezwa kuzuia joto lisiingie kwenye samaki haiulizi leo joto liko upande gani.

Mwili una dawa yake moja tu ya maana, nayo ni jasho. Na hapa ndipo watu wanaponichosha, maana wanaona nimelowa wanasema "afadhali, unatoa jasho, unapoa." Hapana. Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Gramu moja ikikauka kwenye ngozi inaondoka na joto la karibu kilojuli 2.4. Nusu lita ikikauka yote ndani ya saa moja inabeba joto langu lote na chenji inabaki. Nusu lita hiyo hiyo ikiteremka mgongoni ikaingia kwenye buti, nimepoteza maji na chumvi, na kupoa sijapoa hata chembe. Buti zangu baada ya harusi unaweza kuzimimina.

Sasa mlete mbeba magunia wetu. Yeye anatoa joto kunizidi mimi, mbali sana. Ila yuko kifua wazi, upepo wa ziwa unamkausha, na kila baada ya hatua themanini analitua gunia anarudi mtupu. Gunia unalitua. Hili hulitui, maana kulivua ni dakika sita na watu wawili.

Kama huamini kwamba ni suala la kukauka, panda treni nenda Tabora. Mwezi wa nane nilivaa vazi hili hili kwenye Nane Nane, kule Ipuli, jua la saa saba, vumbi jekundu, midomo inapasuka. Nilikaa dakika 40, nikatoka shati la ndani lina ramani nyeupe za chumvi na kichwa kizima kabisa. Mwezi wa tatu hapa Kigoma, kivulini, wingu limetanda, mvua imekatika dakika kumi zilizopita, dakika ya 18 nilianza kusikia masikio yanavuma. Kipimajoto kingekwambia Tabora ndiko kulikuwa kubaya. Lakini hewa ya Tabora wakati ule ina kiu, inapokea jasho. Hewa ya Kigoma ya masika imeshiba, ukiiletea jasho inakwambia kesho.

Haya, feni. "Si uweke feni ndani?" Wanaosema hivi huwa wanasema kwa upole, kama wamenionea huruma kwamba sikuwahi kuwaza. Ninazo tatu! Feni za kompyuta, volti 5, zinakula pawabenki moja. Ya kwanza niliifunga ndani ya helmeti inipulizie usoni, na kwa dakika mbili nilijiona mwerevu. Halafu nikaelewa: feni haizalishi baridi. Inasogeza hewa. Ukiwa umefungiwa na hewa yako mwenyewe, yenye joto la mwili na unyevu wa pumzi, feni inakupulizia pumzi yako. Ni kama kupepewa na mtu aliyeinama juu ya sufuria la ugali.

Ili isaidie lazima hewa iingie mahali na itoke mahali pengine. Kwa hiyo nilitoboa kidevuni na kisogoni, nikaificha mitobo kwa wavu mweusi, feni zikawa zinanyonya kwenda nje. Nafuu ilikuja, kichwani. Kifuani na mapajani, ambako ndiko ngozi iko nyingi, hakuna kitu, maana pale sponji imelala juu ya mwili, hewa haina pa kupita. Na hata ikipita, mwezi wa tatu ni ile hewa iliyoshiba.

Wala si mimi fundi mabango tu niliyeshindwa. Juni 1966 Marekani walimtoa mwanaanga Eugene Cernan nje ya chombo cha anga cha Gemini 9A. Suti za wakati ule zilipozwa kwa kupitisha oksijeni mwilini, yaani, kwa lugha yetu, feni. Kazi ikawa ngumu kuliko walivyopanga, mfumo ukaelemewa, moyo wake ukapiga zaidi ya mara 150 kwa dakika, kioo kikajaa ukungu akawa haoni, akabaki anasugua kwa pua apate kitundu cha kuchungulia. Kazi ikakatishwa. Waliokwenda mwezini walivaa ndani fulana yenye mirija membamba inayozungusha maji ya baridi. Wenye pesa na wanasayansi wote wale waliachana na kutegemea hewa, halafu shemeji yangu ananiambia niongeze feni ya nne.

Hata hivyo sitajifanya nimemaliza somo la feni. Kuna siku nageuza ya kisogoni ipulize ndani naona bora, wiki inayofuata naona bora itoe nje. Miaka mitatu nabishana na bisibisi. Nashuku upande ambao upepo wa ukumbi unatokea ndio unaoamua, na mimi najisifia bure.

Ninachokiamini ni barafu. Fundi cherehani alinishonea kizibao chenye mifuko minane, kila mfuko unaingia chupa ya robo lita niliyoigandisha. Kilo mbili za barafu zikiyeyuka zinakula joto la kilojuli 668. Gawanya kwa wati zangu 300, unapata dakika 37. Kwa hesabu. Kwa kweli napata kama 25, maana barafu inapoza na sponji, na hewa, na kila kisichonihusu. Baada ya hapo nimebeba kilo mbili za maji ya vuguvugu, na vazi linakuwa kilo 21. Chupa lazima uzikunje kwenye kipande cha khanga, zisiguse ngozi. Barafu tupu inaifanya ngozi ikaze mishipa na damu haiji tena juu kupozwa. Na nakiri, siku nyingine nadhani nusu ya nafuu ya kizibao ni kujua tu kwamba ninacho.

Mengine kwa ufupi. Kioo ni cha helmeti ya bodaboda. Kipakwe sabuni ya vyombo kwa ndani, kikaushwe kwa kitambaa, ukungu haushiki kwa muda. Chooni nenda kabla. Miguu yako huioni, kwa hiyo ngazi unashushwa kama bibi harusi. Watoto wanapiga magoti yako kujua kama ni chuma. Ujiji bi mkubwa mmoja alinikuta kichochoroni nasubiri zamu, akavuta ushungi akasema, "Astaghfirullah, zimwi gani hili mchana kweupe," nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku anakimbia.

Kitu ambacho sikipunguzi kwa mteja yeyote ni msaidizi. Anayezidiwa na joto ndiye wa mwisho kujua. Huwi mnyonge, unakuwa mbishi. Mimi na mdogo wangu tuna mtihani wetu: kila dakika tano anasogea sikioni ananiambia nitaje stesheni kubwa kutoka Tabora kuja huku. Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, Kazuramimba. Mwezi wa tatu ule nilimtajia Nguruka kabla ya Kaliua. Aliponirekebisha nikamtukana, nikamwambia reli nimeipanda kabla hajazaliwa. Hakujibu. Alinishika mkono akanitoa katikati ya wimbo, bwana harusi anashangaa, akanivua helmeti. Nilikuwa nasikia baridi. Mikono ina vipele vya baridi, Kigoma, masika, ndani ya sponji. Hiyo ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na siku ile niliiona ni habari njema.

Ninywe nini baadaye, hapo nayumba. Maji matupu mengi kwa mkupuo yamewahi kunipa kichefuchefu kibaya, kwa hiyo nachanganya pakiti ya ORS kwenye lita moja nakunywa taratibu. Ni ya wanaoharisha, najua. Chumvi ni chumvi.

Turudi kwa kijana wa Kibirizi. Nilimpa. Helmeti, kifua, mikono, buti. Mapaja yalimgomea, hayakufunga. Akaingia ukumbini anatamba, akacheza vizuri kuliko mimi, watu wakamtunza. Dakika ya tano tukamwona bado anarukaruka. Ya nane akasimama anaangalia spika. Ya kumi na moja akawa anajikwaruza shingoni anatafuta bizimu ilipo, na ilikuwa kisogoni. Tukamrudisha nyuma, tukamkalisha kwenye ndoo yangu, tukamvua. Uso unatiririka, mdomo wazi. Mdogo wangu akammwagia kopo la kwanza, la pili. La tatu akalipokea akanywa.

Alipopata pumzi akaniangalia kwa huzuni kabisa.

"Kaka, kwani humu hujaweka feni?"

Helmeti ilikuwa mapajani mwake. Zote tatu zilikuwa zinazunguka.