Zana haitaomba kuingia kwenye akaunti: anzisha mwenyewe

Huwa nasema programu ya wakala iwe na kitufe ambacho mtumiaji anakibonyeza mwenyewe ili kuingia kwenye akaunti ya zana. Nimeulizwa tena kwa nini, na safari hii aliyeuliza ni mtu anayejenga programu za mawakala wa akili unde, yaani modeli zinazotumia zana kufanya kazi kwa niaba ya mtu: "Kitufe cha kuingia cha nini? Zana ikihitaji akaunti si itaomba yenyewe?" Haitaomba. Yaani wakati mwingine itaomba, na hizo mara chache ndizo zinazowafanya watu waamini kwamba itakuwa hivyo siku zote.

Imani hii ina chanzo. MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo Anthropic waliitangaza Novemba 2024, ilipata sehemu ya idhini katika toleo la Machi 2025, nayo inategemea OAuth, utaratibu wa kuipa programu ruhusa ya kutumia akaunti bila kuipa nenosiri. Mchoro wake unapendeza: programu inatuma ombi bila tokeni (kibali cha kidijitali cha akaunti), seva inajibu 401 (namba inayomaanisha "hujajitambulisha"), kivinjari kinafunguka, mtu anakubali, tokeni inarudi. Kila kitu kinaanzia kwenye ile 401. Watu wamekariri mchoro huo na wala hawajiulizi itakuwaje 401 isipokuja.

Kuna seva nyingi zisizoitoa pale unapoitarajia. Chukua seva yenye zana za wazi na zana za akaunti pamoja. Programu inaunganishwa, inaomba orodha ya zana, inapewa mbili tatu za wazi, inaonyesha alama ya kijani. Zana zinazohitaji akaunti hazimo kabisa kwenye orodha. Mtumiaji anamwambia wakala amfungulie tiketi zake (maombi ya kazi yaliyosajiliwa), wakala anajibu kwa adabu kwamba hana zana hiyo. Anasema kweli! Hakuna ombi lililokataliwa, kwa hiyo hakuna 401, na programu haina sababu yoyote ya kufungua kivinjari.

Hali ya pili ndiyo inayonikera zaidi. Fungua kumbukumbu za mtandao wakati zana inaitwa. Utaona hali ya HTTP ni 200, ndani ya jibu kuna "isError": true (yaani kuna kosa), na chini yake maandishi: "Tafadhali ingia kwenye akaunti yako." Kwa upande wa programu, 200 ni mafanikio, kazi imeisha. Aliyepokea ujumbe ni modeli, na modeli inausoma kama maandishi mengine yoyote. Itajaribu tena kwa vigezo vingine, itajaribu zana ya jirani, mwishowe itamwambia mtumiaji aingie kwenye akaunti. Aingilie wapi, ikiwa mjenzi aliamua kitufe hakina kazi?

Bado kuna tokeni ambayo ni halali ila si ya akaunti yako ya kazi. Hiyo haitaleta 401 hata siku moja. Wakala ataandika mahali pasipo pake na kila jibu litakuwa zuri. Na kuna tokeni yenye ruhusa ya kusoma tu wakati kazi inataka kuandika. Hapo seva inayofuata kanuni inajibu 403 (umekatazwa) pamoja na insufficient_scope (ruhusa haitoshi), na programu iliyofundishwa kusubiri 401 peke yake inabaki imeduwaa.

Sasa niseme hili polepole, maana ndipo mabishano yanapozidi. Kuanzisha kuingia kwa mkono si kubandika tokeni kwa mkono. Watu wanachanganya hayo mawili, kisha wanapinga la kwanza kwa hoja za la pili. Kubandika tokeni ya kudumu kwenye faili la mipangilio ni hatari, nakubali. Kumpa wakala nenosiri ndani ya mazungumzo ni hatari zaidi: linaingia kwenye muktadha wa modeli, linahifadhiwa kwenye historia, na zana yoyote inayofuata inaweza kutumiwa kulitoa nje. Kitufe ninachokidai hakifanyi lolote kati ya hayo. Kinaendesha hatua zilezile za OAuth, ila hakisubiri kukataliwa kwanza. Programu inasoma maelezo ya seva kwenye /.well-known/oauth-protected-resource, inajua ni seva gani inayotoa idhini, inatengeneza siri ya PKCE (ya mara moja, inayothibitisha kwamba anayechukua tokeni ndiye aliyeanzisha ombi), inafungua kivinjari. Mtu anaandika nenosiri kwenye ukurasa wa mwenye akaunti, modeli haioni kitu. Tofauti iko kwenye tukio la kwanza tu: badala ya 401, kidole cha mtu.

Na kidole hicho kina thamani yake. Ukimwachia wakala kazi ndefu ya usiku, kivinjari kikifunguka katikati ya kazi hakuna wa kubonyeza "Kubali". Ingia kwanza, hakikisha jina la akaunti linaonekana, ndipo umpe kazi.

Kama wakala anaendeshwa kwenye mashine ya mbali, kivinjari kurudisha jibu kwa 127.0.0.1 (anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe) hakutafanya kazi, kwa sababu kivinjari chako kitatafuta anwani hiyo kwenye kompyuta yako wewe. Tumia mtiririko wa msimbo wa kifaa (unaingiza msimbo mfupi kwenye kivinjari cha kifaa chako), kiwango cha mtandao RFC 8628 cha mwaka 2019, pale seva inapoukubali, na usiingize kamwe msimbo ambao hukuuanzisha mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo sijaliamua. Je, wakala aruhusiwe kutoa kiungo cha kuingia ndani ya mazungumzo? Moyo wangu unakataa. Ukurasa wenye maagizo yaliyofichwa unaweza kumfanya wakala aonyeshe kiungo bandia kwa sauti ileile ya upole, na mtumiaji hana namna ya kukitofautisha. Kitufe kikae kwenye programu, nje ya maandishi ya modeli. Lakini kuna mazingira ambayo mazungumzo ndiyo kiolesura chote, hakuna pembeni pa kuweka kitufe. Hapo ninaruhusu kiungo kilichotengenezwa na programu, si na modeli, kikionyesha jina kamili la tovuti. Hata hivyo siridhiki, kwa sababu machoni pa mtumiaji vyote viwili vinatokea kwenye dirisha moja.

Wajenzi, jambo la mwisho: mtu akimaliza kuingia, ombeni orodha ya zana upya. Orodha ya zamani mliichukua kabla hajawa na akaunti na bado mmeihifadhi. Nimeona programu inayopokea tokeni vizuri kabisa, inaandika "Umeingia", halafu wakala anaendelea kusema hana zana ya kufungua tiketi mpaka programu izimwe na kuwashwa tena.