Mjerumani wa Witu hakufukia dhahabu ya vita, acheni kuchimba

Asalaam alaykum ndugu zangu wa Amu (Lamu), Witu, Mpeketoni na visiwani. Naandika haya manake sa hizi ofisi yetu ya makumbusho inapokea wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni wenye mashamba upande wa Witu, wameamka asubuhi wamekuta mashimo ya kumfika mtu kiunoni na minazi imekatwa mizizi. Wa pili ni wachimbaji wenyewe, wanakuja kwa upole kabisa wanauliza ati kuna ramani ya Mjerumani? Hakuna ramani.

Hadithi inayozungushwa na mabroka ni kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto Mjerumani wa Witu alikimbia usiku, dhahabu akaifukia chini ya mbuyu. Hebu tupige hesabu. Wajerumani wawili ndugu, Clemens na Gustav Denhardt, waliandikiana mkataba na Sultani Ahmed Simba mwaka 1885, Witu ikawa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Hapa Amu walifungua posta 1888, nyumba yenyewe iko njia kuu mnaipita kila siku. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani akakubaliana na Mwingereza, yeye akapewa kisiwa cha Heligoland huko kwao, Witu akaiachia, na mwaka uliofuata posta ikafungwa. Vita vya Dunia vimeanza 1914. Miaka 24 baadaye! Mtu anakimbiaje vita ambavyo hata havijaanza jamani.

Kilichowachanganya watu nadhani ni kwamba Witu ilipiganwa kweli, ila mwaka huohuo wa 1890. Mwezi wa Septemba Wajerumani kadhaa waliuawa pale, Oktoba Mwingereza akateremsha askari wa manowari, mji ukachomwa moto. Wazee wamesimulia "vita vya Mjerumani" na hawakukosea, wajukuu ndio wameongezea "vya Dunia" na dhahabu juu yake.

Sababu za vita vya 1914 mlisoma shuleni, sina haja ya kurudia sana, mataifa yamejaza silaha, yamefungana mikataba ya kulindana, kila mmoja anataka makoloni, kisha Juni 28 kijana Gavrilo Princip akampiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, mjini Sarajevo na ile mikataba ikawavuta mmoja baada ya mwingine kama jarife, ule wavu mkubwa, lililonasa mwamba. Wanaosema vita vilitokana na risasi moja, mnanichosha. Huko Ulaya ni mapigano ya Marne 1914, Verdun na Somme 1916, na siku ya kwanza tu ya Somme Waingereza zaidi ya 19,000 walikufa.

Kwetu huku mapigano yalikuwa kusini, si Amu. Agosti 1914 Wajerumani walishika Taveta. Septemba meli yao Königsberg ikaizamisha Pegasus ya Mwingereza bandarini Unguja, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji mpaka Julai 1915. Novemba 1914 Mwingereza alishusha wanajeshi kama 8,000 kutoka India pale Tanga, wakapigwa na kikosi kisichofika robo yao, na nyuki nao wakawashukia. Mwaka 1916 ikawa mapigano ya Salaita na milima ya Latema na Reata, karibu na Taveta, halafu Mjerumani akasukumwa kusini, na jenerali wao Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Aliyebeba mzigo wa yote hayo ni karioko, mpagazi. Wa Kenya peke yao walikufa zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na jirani zetu Wagiriama waliposhindwa kwenye uasi wao dhidi ya Mwingereza 1914 sehemu ya adhabu yao ilikuwa kutoa vijana wa kazi hiyo. Kwa hivyo mtu akitaka kutafuta cha babu yake aliyekuwa vitani, atafute jina, asitafute sanduku.

Sasa pesa. Juzi bwana mmoja alikuja na sarafu amefunga kwenye kitambaa cha kofia, broka amemwambia ni dhahabu ya Witu, thamani yake nyumba mbili. Nikaisugua kidogo kwa kidole. Ina rangi ya shaba, imepigwa vibaya kingo haziko sawa, juu D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani, katikati taji, chini 1916 na herufi T. Hiyo T ni Tabora. Manowari za Mwingereza zilifunga bahari, pesa kutoka Ujerumani hazifiki, basi Wajerumani wakapiga zao wenyewe kwenye karakana ya reli kwa shaba ya maganda ya mizinga. Ni heller 20, yaani senti za rupia yao, zilipigwa nyingi mno, hainunui hata bati seuze nyumba. Dhahabu walipiga kweli hukohuko Tabora, rupia 15 zenye picha ya tembo, kama 16,000 hivi, na hiyo ndiyo pengine iliyozaa uvumi wote huu. Lakini Tabora na Witu wapi na wapi?

Upande wa sheria nitaenda polepole maana hapa ndipo watu hujifanya hawasikii. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inasema kuchimba au kusaka vitu vya kale kunahitaji leseni, hata kama shamba ni lako, hata kama unatumia mashine ya kupima chuma na hujashika jembe. Ukikuta kitu bila kutafuta, mfano unachimba choo, una siku saba kutoa taarifa makumbusho, ueleze mahali penyewe na ulivyokipata, na kitu chenyewe ukilete. Siku saba, si mpaka broka arudi na bei. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kisheria, kwa hivyo chochote cha Mjerumani wa Witu kimo ndani, na sarafu ya bwana wetu ya 1916 haimo, nikamrudishia. Milango ya nakshi ina mwaka wake, iliyochongwa kabla ya 1946 inalindwa. Kusafirisha nje bila kibali ni kosa, kuna faini na jela, na unaweza kupewa zote mbili.

Ukikuta risasi au kitu kinachofanana na bomu usituletee sisi, nimeshawahi kuwekewa kimoja mezani ndani ya kikapu cha samaki. Usikiguse, weka alama mbali kidogo, mwambie chifu au polisi. Watakuja wao.