Kujikaza si kutulia

Lori lenye shehena likipita usiku mtaani Birere, nyumba ya mbao hutikisika na mabati yakalia. Mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, aliyekuwepo volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, akapitia na siku za matetemeko zilizofuata, hukurupuka kitandani kabla hajajua amesikia nini. Wengi huniuliza kama kichwa kimeharibika. Hapana. Ubongo umejifunza somo vizuri kupita kiasi.

Kinachomkurupusha ni amigdala, viini viwili vyenye umbo la lozi, kimoja kila upande wa kichwa kwa ndani, mbele kidogo ya usawa wa masikio. Amigdala hupata habari ghafi kabla sehemu zinazotambua sauti hazijamaliza kazi yake, nayo huamsha mwili palepale: adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Kotisoli, homoni nyingine ya mfadhaiko, hufuata taratibu, na kilele chake katika damu ni kama dakika 20 hadi 30 tangu kitisho kilipoanza. Basi mtu anajua kabisa kwamba lilikuwa lori, lakini usingizi hauji.

Kutuliza ni kazi ya gamba la mbele la ubongo, lile lililo nyuma ya paji la uso. Pembeni mwake ndiko tunakochagua tafsiri ya jambo. Chini katikati kuna nyuzi zinazoelekea kwenye amigdala. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, nayo inaleta mazingira: hapa ni barabarani, mtikisiko umekuja na mngurumo wa injini, umeondoka nao. Ubovu wa mpango huu ni kwamba noradrenalini, kemikali ya ubongo inayotuweka macho, ikizidi, gamba hilohilo ndilo linalozorota kwanza. Kumwambia mtu anayefoka "Tulia, tumia akili!" ni kubisha mlango wa nyumba ambayo mwenyewe ametoka.

Na kujikaza je? Huku kwetu ndiyo dawa ya kwanza: mwanaume halii, mama anameza. Mwaka 2008 watafiti Philippe Goldin, James Gross na wenzao walipiga picha ubongo wa wanawake 17 waliokuwa wakitazama vipande vya filamu za kuchukiza. Walipobadili tafsiri ya walichokiona, gamba la mbele lilifanya kazi katika sekunde 4.5 za mwanzo, na amigdala ikapoa. Walipoficha uso tu, gamba lilikuja kuhangaika baadaye, kati ya sekunde ya 10.5 na ya 15, huku amigdala ikizidi kuwaka. Uso mkavu, moto ndani. Kwa hiyo mtu anayesifiwa kwa kujikaza simhesabu kuwa ametulia.

Anza na mwili, kwa sababu hauhitaji hoja. Vuta pumzi kwa puani sekunde 4, toa sekunde 6, yaani pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika 5. Wengi huvuta kwa nguvu hadi kifua kinapanda, kisha kizunguzungu kinakuja na midomo inafanya ganzi. Wametoa kabonidayoksaidi nyingi mno, halafu wanadhani wanakufa. Vuta kidogo, tumbo ndilo liinuke.

Kisha taja hisia kwa jina lake. Uchunguzi wa mtafiti Matthew Lieberman na wenzake wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kuipa hisia neno huamsha sehemu ya pembeni ya gamba la mbele upande wa kulia, na kazi ya amigdala hupungua. Ila "najisikia vibaya" si jina. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, aliyenyimwa nauli mbele ya wenzake kituoni atasema ana hasira. Ukimchimba utakuta ni fedheha. Hasira inamtaka amkimbize abiria, fedheha inataka jambo jingine kabisa. Kiswahili kimetupa kinyongo, uchungu, wivu, majuto, wasiwasi, tuvitumie.

Tafsiri mpya ije mwishoni, na lazima iaminike. "Hakuna shida" ubongo hauli. "Nauli ya leo imepotea, ila wenzangu wameshaibiwa hivi hivi" inakubalika. Na hatari ikiwa ya kweli, usijitulize: risasi zikilia, lala chini kwanza, pumzi baadaye.

Usingizi nao si jambo dogo. Katika jaribio moja la mwaka 2007, vijana waliokesha kama saa 35 walionyesha mwitikio wa amigdala mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 60 walipoona picha mbaya, na mawasiliano yake na gamba la mbele yalikuwa yamedhoofika. Mabishano ya nyumbani yasubiri asubuhi.

Turudi kwa lori. Kaa mchana karibu na barabara malori yanakopita, na mtu unayemwamini, hadi mwili uchoke kuruka. Rudia siku kadhaa. Hofu ya zamani haifutiki, inawekewa kumbukumbu mpya juu yake, ndiyo maana tetemeko dogo la kweli laweza kuirudisha yote na ukalazimika kuanza upya. Lakini kama umepita mwezi mzima nawe bado unaota yaleyale, unakwepa mitaa fulani na kukesha, usifanye zoezi hili peke yako. Mwone mwanasaikolojia au daktari.