Je, Japani ilikwisha kusalimu amri kabla ya Hiroshima?

Husemwa kwamba Japani ilikwisha kuomba amani kabla ya bomu la atomiki lililopiga Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ila Marekani ikajitia uziwi. Chanzo cha hadithi hii ni cha kweli. Mwezi Julai waziri wa mambo ya nje, Togo Shigenori, alimwagiza balozi wake Moscow, Sato Naotake, aiombe Urusi ya Kisovyeti iwe msuluhishi.

Lakini usuluhishi si kusalimu amri. Sato mwenyewe, mtu asiyepindisha maneno, alitaka kujua serikali yake inatoa masharti gani hasa. Hakupewa. Tarehe 21 Julai Togo alimwandikia kuwa kusalimu amri bila masharti hakukubaliki. Wamarekani, waliokuwa wakizinasa simu hizo za maandishi, walisoma yote. Tena Stalin, kiongozi wa Urusi ya Kisovyeti, alikwisha kuwaahidi Marekani na Uingereza, kwenye mkutano wa Yalta, kuipiga Japani.

Hata tarehe 9 Agosti, Nagasaki ikiwa imepigwa kwa bomu la pili, wakuu sita wa baraza la vita la Japani waligawanyika watatu kwa watatu juu ya masharti ya kusalimu amri, mpaka Mfalme Hirohito alipoamua.

Mjadala wenye uzito uko kwingine: waziri wa vita wa Marekani, Stimson, alipendekeza Wajapani waahidiwe kubaki na ufalme wao, na ahadi hiyo ikaondolewa kwenye Tangazo la Potsdam, lile la Julai 1945 lililoitaka Japani isalimu amri.