Sauti za kawaida zinapoumiza: usikimbilie kuziba masikio

Babu analalamika kwamba hasikii. Mjukuu akipandisha sauti, babu anang'aka: "Kwani mimi kiziwi? Usinipigie kelele!" Nyumbani watu hucheka, lakini babu hasemi uongo. Seli za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa kwa uzee au kwa kelele za miaka mingi kazini, sauti ndogo hupotea ilhali kubwa hubaki na ukali wake uleule. Kati ya "sisikii" na "unaniumiza" panabaki nafasi finyu. Babu huyo anahitaji kifaa cha kusikilizia kilichorekebishwa na mtaalamu, kinachokuza sauti ndogo na kuzibana kubwa. Kumfokea hakumsaidii.

Nimeanza na babu kwa sababu wanaokuja kliniki ya usikivu wakisema "sauti zinanisumbua" hawaumwi kitu kimoja. Wapo wanaosikia vizuri kabisa, ila vijiko vikigonga sahani au honi ya bodaboda ikilia huwachoma masikio. Wapo wasioumia hata kidogo, bali wanachukia. Mtu akitafuna mdomo wazi, akifyonza chai au akivuta kamasi, wanapandwa na hasira wasiyoweza kuieleza. Hali hii mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na anayewaudhi zaidi huwa mtu wanayeishi naye na kumpenda. Wapo pia wenye hofu, wanaotetemeka kabla sauti haijatoka. Matibabu yao hayafanani, ndiyo maana maswali yetu huchukua muda mrefu kuliko mashine.

Kwanza tunatazama sikio. Nta ikiwa imeziba, kwa mgonjwa wa aina hii ni heri kuitoa taratibu kwa mkono, kwani mashine ya kuinyonya ina kelele kubwa mno. Baada ya hapo tunapima usikivu wa kawaida, kisha tunatafuta kiwango cha sauti kinachomkera. Tunaanza na sauti ya wastani, tunapandisha desibeli 5 kila hatua, na yeye ndiye mwenye amri ya kusema "basi". Watu wengi wenye masikio mazima huvumilia hadi karibu desibeli 100. Mtu anayetusimamisha kwenye 70, kiwango kinachozidi maongezi ya kawaida kwa kidogo tu, hadeki. Kipimo hiki hakilazimishwi. Akiwa na wasiwasi, tunakiahirisha.

Wakati mwingine chanzo kinaonekana usoni. Ndani ya sikio kuna msuli mdogo sana unaokaza mfupa mmojawapo wa kusikia pale sauti kubwa inapoingia, ili kupunguza kishindo chake. Msuli huo unaendeshwa na neva ileile inayotembeza uso. Basi mtu aliyepooza nusu ya uso ghafla anaweza kusikia sauti kali kupita kiasi upande huohuo. Awahi hospitali, kwa sababu dawa za kutuliza uvimbe wa neva hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Wengi huzimaliza saa hizo wakikandwa, au wakiulizana nani kawaroga. Vyanzo vingine ni pigo la kichwa, kipandauso, mlipuko au muziki mkubwa, na mara nyingi tatizo hufuatana na mlio wa masikioni.

Sasa, pamba. Karibu kila mgonjwa hufika akiwa ameshajaribu kuziba masikio, na wengine hushinda nayo kutwa. Namwelewa anayefanya hivyo, lakini anajichimbia shimo. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watu wenye usikivu mzuri. Walipovaa vizibo kwa wiki mbili, sauti ziliwajia kubwa zaidi kuliko awali. Walipovaa vifaa vinavyotoa mvumo mdogo, uvumilivu wao uliongezeka. Ubongo uliokosa sauti hufanya kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali redioni: huongeza nguvu, na mikwaruzo nayo inakua.

Vizibo vivaliwe penye kelele ya kweli, yaani desibeli 85 na kuendelea: mashine ya kusaga, karakana ya kuchomelea, mbele ya spika za harusini. Ukitoka hapo, vua.

Tiba yenyewe haina haraka. Mgonjwa huishi na sauti laini, ya chini kuliko ile inayomkera: feni, redio iliyopunguzwa, au mvua iliyorekodiwa kwenye simu. Chumba kisiwe kimya kabisa, hata usiku. Sauti hiyo hupandishwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Sambamba na hilo kuna tiba ya mazungumzo, inayomsaidia kuondoa woga na hasira iliyokwisha kushikamana na sauti. Hiyo ndiyo nguzo kwa wale wanaochukia sauti za kutafuna, pamoja na redio ya chini mezani wakati wa kula. Hakuna kidonge wala matone yaliyothibitishwa kuponya tatizo hili, na mafuta ya vitunguu yabaki jikoni.

Kwa watoto, hasa wenye usonji, mzazi aanze kwa kuchunguza. Mtoto anayegonga sufuria asubuhi hadi jioni bila shida, kisha analia blenda ikiwashwa, pengine hasumbuliwi na ukubwa wa sauti. Kinachomtisha ni sauti asiyoitawala, inayomjia bila taarifa. Mwache aishike blenda ikiwa haina umeme. Siku nyingine iwashwe chumba cha mbali, mlango umefungwa. Baadaye mlango uwe wazi, na mwishowe yeye mwenyewe abonyeze swichi, sekunde mbili, azime. Akikataa, rudini hatua moja nyuma bila ugomvi. Vifuniko vya masikio viwe vya sherehe na safari, si vya kutwa. Kabla ya yote apimwe masikio, maana maambukizi au majimaji nyuma ya ngoma ya sikio yanatibika.

Shuleni, mwombe mwalimu amkalishe mbali na kengele na amtonye kabla haijagongwa. Mwenye hofu anaweza hata kupewa zamu ya kuigonga mwenyewe. Mwenye maumivu asipewe zamu hiyo mpaka apimwe.