Mshale wa joto kutulia si hakikisho kwamba injini iko salama

Madereva wengi Mombasa, wa matatu na wa magari ya nyumbani, huamini kwamba mradi mshale wa joto kwenye dashibodi haujapanda, injini iko salama. Imani hii ina msingi, kwani mara nyingi mshale husema kweli.

Lakini sensa ya joto, yaani kifaa kinachouendesha mshale huo, haipimi injini nzima. Hupima maji ya kupoza injini yanayoigusa, pale ilipofungwa. Mpira wa rejeta ukipasuka na maji yakamwagika, sensa hubaki hewani, na mshale unaweza kutulia au hata kushuka huku hedi ya silinda (sehemu ya juu ya injini) ikipinda kwa joto. Tena, magari mengi ya kisasa yamepangiwa mshale ukae katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi kadhaa. Wanaojiundia ndege ndogo zenye injini za kupozwa kwa hewa wanajua vyema kwamba sensa moja haitoshi: wengi hufunga sensa kwenye kila silinda, maana moja inaweza kuzidi joto huku nyingine ziko sawa.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tazama kiwango cha maji. Kikipungua kila siku, yanavuja mahali. (Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, tafadhali, maji yenye presha huruka na kubabua uso.) Mafundi wengi pia wana kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, kinachoonyesha joto kwa tarakimu, nyuzi 90 hivi ni kawaida kwa magari mengi. Na ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni, mshale ukashuka ghafla bila sababu, zima injini, uiache ipoe kwanza ndipo uangalie maji.